Karatasi ya Nota Iliniaibisha Pasaka

Jumapili iliyopita mpiga kinanda wetu alifungua ukurasa wa tatu bila mtu wa kumshikia, na karatasi ikatulia kwenye stendi. Pangaboi zinazunguka, yenyewe tuli. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana Pasaka ya mwaka juzi, hapa hapa Moshi, nilitamani ardhi ipasuke.

Tulifanya mazoezi tangu Jumatano ya Majivu, masika yakatukuta humo humo, watu wanakuja na miavuli. Nota nikazipeleka stationari Alhamisi usiku. Nikamwambia kijana, "Toa nyuma na mbele, karatasi yoyote." Nilikuwa nabana hela ya kwaya. Akatoa kwenye karatasi laini ambayo ukiiinua tu, mistari mitano ya nyuma inapenya katikati ya ile ya mbele. Chini ya taa ya dukani sikuliona hilo.

Kanisani jua likapiga dirishani. Alto wakaona nota mbili mahali pa moja, wakapotea. Karatasi ya kinanda ikapinda, ikateleza hadi sakafuni. Besi wakabaki peke yao. Baada ya ibada mzee mmoja akaniambia mbele ya wanangu, "Mwalimu, mwakani mjiandae." Tulikuwa tumejiandaa! Neno lile bado linaniuma.

Sasa nisikilizeni, walimu wenzangu wa kwaya. Karatasi hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba, na A4 16 ndizo zinazojaza mita hiyo. Kwa hiyo A4 ya gramu 80, ile ya rimu za kawaida, ina uzito wa gramu 5 tu. Ya gramu 120 ina 7.5. Hizo mbili na nusu ndizo zinazoizuia isipeperuke wala kuonyesha ya nyuma. Mazoezini 80 inatosha, upande mmoja. Siku ya ibada chukua 100 hadi 120. Ukifika 160 unabeba jalada, na faili litawachosha akina mama wa soprano mikono. Ikipatikana yenye rangi ya maziwa, isiyong'aa, chukua hiyo, macho yatapumzika.

Na msione haya kuomba hela ya karatasi! Tunachangia sare, tunachangia basi la kwenda kuimba Arusha, halafu kile anachosoma mwimbaji tunakitafutia bei ya chini kabisa. Hapana, ndugu zangu. Kazi ya mwezi mmoja na nusu haiwezi kuwekwa juu ya karatasi inayopepea.

Siku hizi naomba kwanza nakala moja, nyuma na mbele. Natoka nayo barazani, naiinua juani, kisha naisimamisha kaunta mbele ya feni. Ikilala, nabadilisha rimu. Kijana wa stationari ameshanizoea. Akiniona naingia na nota, anageuza feni mwenyewe.