Kabati la Urithi na Tabaka za Rangi

SWALI: Nimerithi kabati la mbao ambalo limepakwa rangi ya mafuta mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, hata nakshi za milangoni zimezibika. Ningependa kuibandua rangi yote ili mbao yenyewe ionekane. Jirani amenishauri nitumie mashine ya msasa nimalize kazi kwa siku moja. Je, ushauri huo ni sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, mashine ya msasa iweke kando. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na wajawazito. Ipime rangi hiyo kwanza. Ikiwa ina risasi, usiikwangue ikiwa kavu wala usiichome kwa moto.

Jambo la pili ni kuchungulia kilichoko chini. Bandua sehemu ndogo isiyoonekana, kwa mfano nyuma ya mguu. Huenda ukakuta vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri lililogundishwa juu ya mbao duni, ambalo mashine hulitoboa kwa dakika chache. Huenda pia ukakuta mbao za aina tatu zisizofanana, kwa kuwa fundi alijua tangu mwanzo kwamba zitafunikwa na rangi. Kabati la namna hiyo, kwa maoni yangu, ni heri lipakwe upya.

Ukiridhika na mbao, tumia dawa nzito ya kubandulia rangi. Chagua isiyo na dikloromethani, kemikali ambayo mvuke wake umewaua watu waliofanya kazi katika vyumba visivyopitisha hewa. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi nje, pakaa dawa kwa wingi bila kuisugua, kisha ifunike kwa nailoni isikauke kabla ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Rangi ikishavimba na kulainika, isukume kwa kikwanguo butu kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Palipo na nakshi, tumia brashi ngumu na vijiti vilivyochongwa. Tabaka za chini hudai dawa mara ya pili, pengine ya tatu, na hapo ndipo wengi hukosa subira wakachukua patasi. Kostiki soda nayo, kemikali kali ambayo wengine huitumia kubandulia rangi, iepuke, kwani huzigeuza baadhi ya mbao ngumu kuwa nyeusi na kulegeza gundi ya viungo.

Safisha mabaki ya dawa kwa kufuata maelekezo yake, acha mbao ikauke kabisa, kisha uisugue kwa mkono kwa msasa namba 120 na kumalizia na 180. Ukichagua kuipaka mafuta ya kitani, vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke, kwa maana vikirundikwa pamoja hupata joto na vinaweza kuwaka vyenyewe.