Mpwa Wangu wa London Anadai Kodi Yake, Nami Je?

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Pipeline, Embakasi. Mtoto wa dada yangu yuko London. Wako sita katika nyumba moja, hawana undugu, jiko moja na choo kimoja. Wamegundua landilodi hana leseni, sasa wanamdai kodi waliyokwisha kulipa. Ploti yetu ina orofa saba, na fundi aliyeijenga aliniambia kaunti haikuipitisha. Nimelipa 8,500 kila mwezi kwa miaka mitatu. Nami nidai? – Baba Wawili

JIBU: Baba Wawili, nilikusanya kodi Huruma miaka tisa, vidole buluu kwa karatasi ya kaboni. Sikuona mpangaji akirudishiwa hata shilingi kwa sababu nyumba haikupitishwa.

Mpwa wako ana njia. Kule Uingereza, nyumba ya watu watano au zaidi wasio familia moja, wanaochangia jiko au choo, sharti iwe na leseni ya halmashauri. Sheria ya 2016 ilimruhusu mpangaji kudai kodi ya hadi miezi 12 kwenye baraza linaloamua kesi za nyumba. Ile ya 2025 imeongeza hadi 24. Lakini asianze kununua viatu. Kosa hilo ni la jinai, sharti alithibitishe hadi pasibaki shaka ya maana, na baraza laweza kumpa pungufu.

Hapa kwetu, kupangisha nyumba ya kuishi hakuhitaji leseni ya namna hiyo. Kinachotakiwa ni idhini ya ujenzi na cheti cha kukalia jengo. Vikikosekana, kesi ni ya landilodi na kaunti. Huruma hiyohiyo, Aprili 2016, ghorofa lililokwisha kutiwa alama ya kubomolewa liliporomoka usiku wa mvua na watu ndani, wakafa wapatao hamsini. Ukiona nguzo imepasuka, hama kwanza.

Baraza letu la kodi nalo ni la nyumba zisizozidi 2,500 kwa mwezi. Pipeline utaipata wapi hiyo?

Kodi iache; ukihama, dai dipoziti. Landilodi akiikalia, nenda Mahakama ya Madai Madogo: hadi shilingi milioni moja, bila wakili. Usifute ujumbe wa M-Pesa, na siku ya kuhama piga picha sinki, swichi na kuta, keateka akiwa hapo.

Kuna mama mmoja aliyeweka risiti zangu zote kwenye mkebe wa Blue Band. Tajiri wangu alipokana deni, mama alizipanga mezani moja moja, tangu Januari. Alilipwa kabla chai haijapoa.