Vidole havina kosa: kwa wewe uliyekwama kwenye besi

Mwaka wangu wa pili wa kupiga gitaa la besi nilijiona nimeiva. Vidole vilikimbia, nyimbo nilizozijua zilikuwa nyingi, na watu walinisifu. Siku moja mpiga ngoma wetu akaweka simu juu ya kiti, akarekodi mazoezi, na jioni tukasikiliza. Nota nilizipata zote, lakini kila moja ilifika ikiwa imechelewa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu baada ya kuulizwa mara mbili. Chini yake kulikuwa na mvumo usiokoma. Nilidhani ni amplifaya. Kumbe ulikuwa uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ambao sikuwa nauzima, yaani kuugusa ili usitetemeke.

Tangu hapo nimekaa na wanaojifunza wengi, na kila anayeniambia amekwama namwomba anipe rekodi yake. Wengi hawana. Mtu anapiga miaka mitatu bila kujisikiliza hata mara moja, kisha anashangaa kwa nini hasogei. Ukiwa unapiga, akili iko kwenye vidole. Masikio yanasikia ulichokusudia, si kilichotoka. Basi jirekodi dakika mbili kila wiki, na usikilize kwa hedifoni. Uzi wa E ukiwa wazi, bila kubanwa, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo ilivyo. Utajisifu bure.

Ukishasikiliza, jambo la kwanza litakalokuudhi huenda likawa kelele za nyuzi usizozipiga. Kuzima nyuzi ni nusu ya kazi ya mpiga besi, na ajabu ni kwamba hufundishwa mwisho. Kutoka mnene hadi mwembamba, nyuzi ni E, A, D na G. Kidole kinachodonoa uzi wa G kiache kitue juu ya uzi wa D. Kidole gumba kilale juu ya A huku ubavu wake ukiigusa E. Ukirudi kwenye nyuzi nene, gumba nacho kirudi, na nyuzi nyembamba zizimwe na vidole vya mkono wa kushoto vinavyozilalia bila kuzibana. Fanya polepole mno, mpaka uchoke na ukimya wenyewe. Mimi ilinichukua miezi.

La pili ni muda. Wanaoanza hufungua metronomu, mashine ya kuhesabu mapigo, wakapiga nota moja kwa kila mlio, wakaona mambo safi. Hapo mashine ndiyo inayokubeba. Iweke milio 60 kwa dakika, kisha hesabu milio yake kuwa ni pigo la pili na la nne. Sasa unapiga kwa spidi ya 120, na pigo la kwanza na la tatu ni jukumu lako. Likishatulia, iweke 30 na uuchukue mlio kuwa pigo la nne peke yake. Spidi ni ileile 120, ila utapotea, nakuhakikishia. Ukipotea ndipo unajua unakimbilia upande gani. Mimi hukimbia kila ninapohama uzi, hadi leo.

Usisahau pia mahali nota inapokufa. Nota ile ile ikikatwa mapema huchezesha watu, ikiachwa ndefu hulaza wimbo. Chukua mdundo mmoja rahisi, ubadilishe urefu wa nota tu, usiguse kingine chochote.

Maumivu ya mkono yanawakatisha wengi tamaa, na mara nyingi chanzo ni hesabu tu. Kwenye besi ya kawaida yenye uzi wa inchi 34, freti ya kwanza, yaani nafasi ya kwanza kati ya vyuma vya shingo, ina upana wa karibu sentimita 5. Kulazimisha vidole vinne vifunike freti nne hapo ni kujitesa. Wapiga besi kubwa ya kusimama wana dawa ya zamani: kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho kwa freti tatu, cha pete kikimsaidia mdogo wake. Kwenye freti hizi pana za mwanzo tumia hiyo. Freti zikianza kubanana, rudi kwenye vinne. Nyuzi zikiwa juu sana ya shingo, mpe fundi azishushe. Na kidole kikiuma kwa ndani, weka gitaa chini siku hiyo, usishindane nacho.

Michoro ya namba za freti inasaidia mwezi wa kwanza, halafu inageuka gongo la asiye kiwete. Tafuta nota moja kwa siku shingo nzima. Chukua C: uzi wa A freti ya 3, G ya 5, E ya 8, D ya 10. Ukiwa umeimba kwaya una mtaji tayari, maana umbo halibadiliki: popote do ilipo, so iko uzi mmoja mwembamba zaidi, freti mbili mbele, do ya juu ni nyuzi mbili, freti mbili mbele. Imba kwanza, kidole kifuate.

Kuhusu spidi sina mengi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alidonoa kwa kidole cha shahada tu. Kuhusu kununua besi ghali zaidi sina hata hayo machache.

Ukianza kupiga na wenzako, simama karibu na ngoma, upande ambao unauona mguu wa mpigaji. Wimbo wa kwanza mpe do tu, kila mguu unapokanyaga. Ukipotea katikati, usihangaike kutafuta nota. Nyamaza mapigo manne, angalia ule mguu, kisha uingie nao.