Nimepiga Windows upya kwenye laptopu ya mtumba, inagoma katikati

SWALI: Mtaalamu habari za kazi, naomba unisaidie maana nimechoka kweli. Nimenunua laptopu iliyotumika, ilikuwa na Windows 10 nzito imejaa vitu vya mwenyewe wa zamani nikaona bora niipige upya kwa flashi. Inaanza fresh tu, nachagua lugha, nikafuta patisheni zote (migawanyo ya diski), inakopi mafaili alafu katikati inatoa eroo 0x80070570, yani mafaili yameharibika au hayapo. Nikirudia, mara inakata mapema mara inafika mbali zaidi. Kuna muda inakataa hata kuanza, inasema diski ni ya MBR haiwezi kuweka hapo. Saa hizi nikiwasha inasema haioni mfumo wowote. Rafiki yangu anasema mashine imekufa, ni kweli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, ila usiitupe. Kusema haioni mfumo ni kawaida, umefuta patisheni zote kwa hiyo hakuna cha kuona, hapo mashine haijafa.

Kitu muhimu kwenye maelezo yako ni kwamba inakata sehemu tofauti tofauti. Ingekuwa faili moja tu bovu kwenye flashi, mara nyingi ingekata palepale kila ukirudia. Ikihamahama namna hiyo washukiwa ni RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), diski, au flashi yenyewe inayosoma kwa kubahatisha, na ndo maana nakuomba uache kwanza kurudia rudia, maana kama diski ndo inakufa unazidi kuichosha bure na hujui chochote kipya.

Anza na flashi kwa sababu ndo rahisi. Chukua kompyuta nyingine nzima, danlodi Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe ukitumia Media Creation Tool, flashi iwe ya GB 8 au zaidi, achana na kopi iliyopita mikono ya watu. Na flashi nyingi ni feki, nje imeandikwa GB 64 ndani ni 8, ukizidisha pale inaendelea kupokea data kama kawaida lakini haihifadhi kitu, programu ya H2testw itakuonyesha ukweli (inataka flashi iwe tupu). Kama ulikopi mafaili kwa mkono kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 jua kwamba haipokei faili moja linalofika GB 4, na faili kubwa la Windows mara nyingi linavuka hapo, tumia programu ya Rufus kutengeneza flashi badala yake. Badilisha na tundu la USB pia.

Flashi ikiwa nzima nenda kwenye RAM, na hapa usiwe na haraka. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa nayo, iache imalize angalau mzunguko mmoja, ukiiacha usiku kucha ni bora zaidi. Eroo hata moja ni ubovu, hakuna eroo ndogo kwenye RAM. Kama zipo mbili, zima, chomoa chaja na betri, toa moja upime nyingine, utampata mbaya. Watu wengi wanabadilisha diski nzima kabisa wakati tatizo lilikuwa RAM, inaniuma kuona hivyo.

Diski unaipima bila Windows: washa laptopu kwa flashi ya Linux Mint (mfumo mwingine wa bure) bila kuinstolu, fungua programu ya diski uangalie taarifa za SMART, yaani diski inavyojiripoti afya yake. Kwa hadi diski, tazama sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa, namba zikiwa zinapanda hiyo ni ya kubadilisha, usijaribu kuibembeleza.

Sasa hiyo ya MBR ni kitu kingine kabisa, wala si ubovu. MBR ni mtindo wa zamani wa kupanga diski, GPT ndo mpya, na UEFI ni njia mpya ya kuwasha mashine. Kwenye menyu ya kubuti flashi yako huwa inaonekana mara mbili, moja ina neno UEFI mbele na nyingine haina. Ukichagua isiyo na UEFI inakubali diski ya MBR, ukichagua yenye UEFI inataka GPT, kwa hiyo bila shaka ulikuwa unachagua tofauti kila mara. Chagua ya UEFI, kwenye skrini ya kwanza bonyeza Shift+F10, andika diskpart, kisha list disk, tambua diski yako kwa ukubwa wake (hapa tulia, flashi nayo ipo kwenye orodha), kama ni namba 0 andika select disk 0, alafu clean, alafu convert gpt. Inafuta kila kitu ila wewe ulishafuta.

Angalia pia saa ya kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka). Ukichomoa umeme inarudi mwaka wa zamani? Betri ndogo ya mazabodi imeisha, na mipangilio ya BIOS inaweza kuwa inajirudisha yenyewe bila wewe kujua.

Na kwa kuwa unaanza upya, kumbuka Microsoft walimaliza sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4, nafasi GB 64 na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Kama mashine haifiki hapo, mimi ningeweka Mint moja kwa moja.

SWALI: Mimi yangu imekubali kuinstolu vizuri ila mwishoni ikiunganishwa na intaneti inadai imeili ya kampuni nisiyoijua. Nimefomati tena, vilevile.

JIBU: Hata ukibadilisha diski itadai tu. Utambulisho wa mashine hiyo umesajiliwa Microsoft kwa jina la ile kampuni, haupo kwenye diski, na wenye uwezo wa kuutoa ni kampuni yenyewe. Njia za kuruka hapo bila intaneti unaweza kuambiwa, ila usajili unabaki na siku ukifomati tena utaulizwa tena, na hujui kama waliiuza kihalali au iliibiwa. Rudi kwa aliyekuuzia na risiti yako, mwambie awatafute wale wa kampuni waifute mashine kwenye mfumo wao, akishindwa akurudishie hela yako.