Shangazi, niseme nini kwenye arobaini ya mwalimu wangu?

*Shangazi, shikamoo. Mwalimu wetu wa chuo amefariki. Alifundisha saikolojia na ndiye aliyekuwa mshauri wa wanafunzi. Sisi tulimwita Mama tu. Familia imeniomba nizungumze kwa niaba ya wanafunzi wake siku ya arobaini, hapa hapa Mwanza, dakika tano. Wasifu wake ninao: alikozaliwa, alikosoma, vyeti, vyeo. Ila ninachokumbuka mimi ni kingine. Mwaka wa kwanza nyavu za baba ziliibiwa ziwani, ada ikakosekana, nikafunga begi nirudi Ukerewe. Mama akanikuta getini, akanirudisha ofisini kwake, akatoa chungwa mkobani akaanza kulimenya taratibu. Hakuniuliza kitu ila, "Meli ya Nansio inaondoka saa ngapi?" Nikamjibu saa nane. "Basi muda tunao," akasema, akanipa nusu. Sikuondoka. Je, jambo dogo kama hili linasemeka mbele za watu? Pia kuna mwenzetu wa kike alipata ujauzito, Mama akamhifadhi kwake hadi akajifungua na kurudi darasani. Nataka kulitaja, bila jina, watu waujue moyo wake.*

*Mwanafunzi wake, Kirumba*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Wasifu achana nao. Ulishasomwa siku ya mazishi; ukiurudia, watu watainamia simu zao. Na usiniambie marehemu "alikuwa mcheshi na mpenda watu". Nchi hii sijawahi kuhudhuria msiba wa mtu mnunaji.

Chungwa linasemeka. Liseme vile vile ulivyoniandikia, na begi lako na saa nane yako, usitie chumvi. Anayejua adha ya kuibiwa nyavu ataelewa kwa nini ulikuwa getini, na hapo arobaini hao watakuwepo wengi.

Habari ya yule binti, hapana. Unasema hutataja jina, lakini mwaka wenu mlikuwa wasichana wangapi? Watahesabu kwa vidole na watampata kabla hujashusha kipaza sauti. Huenda siku hiyo yupo pale pale, anachambua mchele na wenzake, na mwanawe anazunguka na birika la kunawisha wageni. Siri ile Mama aliwekewa tu, haikuwa mali yake. Wewe umeipata wapi ruhusa ya kuigawa? Ya kwako ni yako, itangaze upendavyo. Ukiona inakukereketa sana, mpigie mwenyewe umuulize kama angependa kusema lolote. Akikataa, yaishe.

Nina sababu ya kuwa mkali hapa. MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, nilikuwa chuo, na niliyelala naye kitanda cha juu na chini alikuwa na mama yake melini. Kila aliyeingia bwenini alimwambia ajikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Mwalimu wetu mlezi aliingia na kanga mkononi, akamfunika miguu, akakaa chini sakafuni mgongo ukiegemea kitanda. Alikaa hivyo hadi taa zikazimwa. Baadaye, kila mwisho wa mwezi, wawili hao walipanda daladala kwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliozama. Walirudi jioni na vumbi miguuni, mwalimu akaenda zake kusahihisha madaftari. Waliongea nini huko, hakuwahi kumwambia mtu. Mwenzangu naye hajanisimulia, na ni rafiki yangu hadi leo.

Kwa hiyo dakika tano zako, moja ni salamu kwa wafiwa, tatu za chungwa, moja ibaki akiba, maana sauti itakukwama utake usitake. Ikikwama nyamaza, kunywa maji, endelea. Na mwone mapema anayeongoza shughuli, mwombe akupange kabla ya chakula. Masufuria ya pilau yakishafunuliwa, hata sheikh na mchungaji hawasikilizwi.