Kuhusu rubani Biggles: aliishi kweli?

Ndugu, umeuliza kama Biggles alikuwa mtu halisi. Hapana, ni mhusika wa kubuni katika vitabu vya hadithi. Alitungwa na W. E. Johns wa Uingereza mwaka 1932. Ila Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo hadithi zake za mwanzo zinatokea, mwandishi alivijua mwenyewe: alikuwa rubani wa ndege za kuangusha mabomu, akatunguliwa Septemba 1918 na kutekwa na Wajerumani. Ndiyo maana hadithi za mwanzo, Biggles akiwa kijana anayerusha Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Waingereza, zina hofu na majonzi ya kweli. Mimi nazipenda kuliko zote zilizofuata. Johns aliendelea kumwandika hadi alipofariki 1968. Kwa mwanao, anza na hizo za mwanzo, lakini msome pamoja: vitabu kadhaa vinawadharau Waafrika na Waasia, na mtoto anastahili kuelezwa.