Kuchagua SSD na kuitunza: usiogope kuandika, ogopa haya mengine

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Laptopu yako ina diski ya kuzunguka, imechoka, na unataka kuitia SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, ya 1TB ila hujui uchukue ipi. Umeambiwa SSD zina idadi ya kuandikwa na zikifika hapo zinakufa. Na umeshauriwa uzime swapu (sehemu ya diski ambayo mashine huitumia RAM, kumbukumbu yake ya kazi, ikijaa) na kila kinachoandika kwenye diski ili ikae sana. Mimi nahariri video, mwaka wa tisa huu, na SSD sita zimepita mikononi mwangu. Moja ilinifia na kazi za watu ndani, moja niliinunua kimakosa, na moja ilikuwa feki. Nitakujibu kwa hayo.

Nianze na iliyokufa, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ilikuwa ya 240GB, ya bei ya chini kabisa kati ya zote nilizoziona, na niliijaza mpaka zikabaki gigabaiti 3. Wiki kadhaa kabla ya kufa ilianza dalili: nikinakili faili la video, mstari wa kijani unakimbia mpaka robo, halafu unasimama sekunde tano, kumi, ndipo unasogea tena. Nikapuuza, nilikuwa na kazi ya kumaliza. Usiku mmoja umeme ukakatika video ikiwa inatoka. Uliporudi nikawasha, mashine ikasema haina diski. Kwenye BIOS, ile programu ya mwanzo kabisa mashine inapowaka, ilionekana, lakini jina lake lilikuwa limegeuka msururu wa herufi nisizozijua, na ukubwa ukaandikwa 0. Nilipofungua kasha lake nilishangaa: kibao cha saketi hakifiki hata theluthi ya nafasi, chipu mbili za kumbukumbu, kontrola moja (chipu inayoongoza diski), kwingine kote hewa tupu. Fundi wa kuokoa data akaniambia seli zenyewe, vile vyumba vidogo vinavyoshika data, huenda ni nzima. Kilichoharibika ni ramani.

Hiyo ramani ukiielewa, mengine yote yatakaa sawa. Chipu za flashi, yaani hizo za kumbukumbu, haziwezi kuandika juu ya kilichopo. Ni kama daftari ambalo unaandika mstari mmoja mmoja, ila ukitaka kufuta lazima ufute ukurasa mzima. Ukibadilisha faili, kontrola haigusi mstari wa zamani. Inaandika mpya mahali pengine palipo safi, inauwekea wa zamani alama kwamba haufai, kisha inarekebisha ramani inayosema faili lako sasa liko wapi. Kurasa zikijaa mistari iliyokufa, kontrola inahamisha ile michache iliyo hai na kufuta ukurasa wote. Diski ikiwa na nafasi, kazi hiyo inafanyika taratibu wakati umepumzika. Ikiwa imejaa, hakuna ukurasa safi wa kukimbilia, kwa hiyo inahamisha na kufuta papo hapo huku wewe unasubiri. Gigabaiti moja unayoandika wewe inageuka kadhaa kule ndani, na ramani inarekebishwa bila kupumzika. Umeme ukikatika katikati ya purukushani hiyo, ramani ikavurugika, data zinabaki zipo lakini hakuna anayejua ziko wapi.

Sasa hiyo idadi ya kuandikwa. Ipo kweli, na kwenye boksi au ukurasa wa bidhaa utaikuta kama TBW, yaani terabaiti ambazo kampuni inakubali uandike ndani ya waranti. SSD nyingi nzuri za 1TB zenye seli za TLC (aina ya seli, nitaieleza chini) huandikwa 600. Piga hesabu: mtu wa kawaida akiandika gigabaiti 20 kila siku, bila kuruka siku hata moja, anafikisha terabaiti 7.3 kwa mwaka. Mia sita zitamchukua miaka zaidi ya 80. Mimi ambaye nabeba mavideo kutwa, diski yangu ya sasa ina miaka minne na imeandikwa terabaiti 61 tu. Tena TBW ni mpaka wa waranti, haina maana kwamba ukiuvuka diski inazima. Tovuti ya The Tech Report iliwahi kuchukua SSD sita za ukubwa wa kati ya 240 na 256GB ikaziandika usiku na mchana kuanzia 2013 hadi 2015 mpaka zote zikafa. Hakuna iliyokufa kabla ya kupita terabaiti 700, na ya mwisho ilivuka petabaiti mbili. Zilikuwa SSD za kawaida za watumiaji wa nyumbani.

Kwa hiyo usizime swapu. Ukiizima, siku RAM ikijaa programu zitafungwa ghafla na utapoteza kazi, na utakachookoa kwenye uhai wa diski ni kidogo mno. Ukiona mashine inaandika swapu muda wote, tatizo ni RAM, ongeza RAM. Kuhamishia folda za kivinjari kwenye diski nyingine, kuzima utafutaji wa mafaili, hayo yote ni ushauri wa zamani, wakati SSD zilikuwa ndogo na watu bado hawajaziamini. Achana nayo.

Kitu kinachoua SSD za watu ninaowajua si kuchakaa. Ni umeme, joto, kujazwa mpaka juu, na mara nyingine programu ya ndani ya diski yenyewe, ile fimuwea. Mwaka 2019 Hewlett Packard Enterprise walitangaza kwamba baadhi ya SSD za seva zao zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa. Hiyo ni miaka mitatu na miezi kama tisa, haijalishi umeandika nyingi au kidogo. Hesabu ya saa ilifika mwisho wa namba ambayo fimuwea ingeweza kushika, na dawa ilikuwa sasisho. Ndiyo maana mimi kila nikinunua diski, kitu cha kwanza ni kuingia kwenye tovuti ya mtengenezaji nione kama kuna fimuwea mpya, na kabla ya kuiweka nahifadhi nakala.

Tuje kwenye kuchagua. Kabla ya jina la kampuni na kabla ya kasi, fungua mfuniko wa chini uone laptopu ina nafasi gani. Kama ni ya zamani yenye diski ya kuzunguka, kwa kawaida kuna nafasi ya inchi 2.5 ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski. Angalia na unene: SSD nyingi ni milimita 7, na laptopu kadhaa za zamani zina nafasi ya 9.5, kwa hiyo utahitaji kale kafremu ka plastiki ka kujazia, la sivyo diski itachezacheza kwenye kiunganishi. SATA inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde, na usidharau. Ucheleweshaji wa diski ya kuzunguka uko kwenye kusubiri: kichwa chake lazima kisafiri na sahani izunguke, na kila kipande cha faili kinakula milisekunde kumi na kitu. SSD yoyote inajibu kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Tofauti utakayoiona siku ya kwanza inatoka hapo.

Kama kuna tundu la M.2, yaani kibao chembamba kisicho na kasha, hapo kuwa makini, maana ndipo nilipokosea. Umbo la M.2 linabeba lugha mbili, SATA na NVMe iliyo mpya na ya kasi zaidi, na tundu linaweza kujua moja tu. Nilinunua NVMe, ikaingia vizuri, nikafunga ule mskrubu mdogo unaopotea ukipiga chafya, nikawasha: kimya. Tundu la laptopu yangu lilikuwa la SATA pekee. Mapengo kwenye meno ya kibao yanatoa fununu, kwani M.2 za SATA kwa kawaida zina mawili na NVMe nyingi zina moja, lakini zipo zinazovunja desturi hiyo. Neno la mwisho ni la kitabu cha mashine. Angalia pia urefu. Namba 2280 maana yake upana milimita 22 na urefu 80. Ukikuta 2242 au 2230, ni fupi, na mskrubu wake uko mahali pengine. Kuhusu kasi, NVMe ya PCIe 3.0 (PCIe ni njia inayopitishia data, namba ni kizazi chake) inafika kama megabaiti 3,500 kwa sekunde na ya 4.0 kama 7,000. Ya 4.0 itafanya kazi kwenye mashine ya 3.0 kwa kasi ya 3.0. Kwa kufungua programu, kuandika nyaraka na kivinjari, hutaihisi tofauti kati yao. Pesa ya ziada iweke kwenye ukubwa.

Halafu uliza seli ni za aina gani. TLC inabeba biti 3 kwa seli, hivyo kila seli lazima itofautishe viwango 8 vya chaji. QLC inabeba 4, viwango 16. Nafasi kati ya kiwango na kiwango inakuwa finyu, kuandika kunachukua muda zaidi na seli inavumilia mizunguko michache. Watengenezaji wanaficha hilo kwa kutumia sehemu ya seli kama za biti moja, zinazopokea haraka halafu data zinahamishwa baadaye. Nilikuwa na QLC ya 1TB. Nikiinakilia gigabaiti 180 za picha za harusi, kama 70 za kwanza zilipita kwa megabaiti mia nne na zaidi kwa sekunde, kisha ikaporomoka hadi 80 na ikabaki hapo mpaka mwisho. Hiyo ni kasi ya diski ya kuzunguka! Na kadiri unavyoijaza, ile sehemu ya haraka inazidi kupungua. Kwa diski ya kuhifadhia filamu QLC inatosha. Kwa diski moja pekee ya laptopu, tafuta TLC, na kama mtengenezaji hasemi popote ni seli gani, mimi naiacha. DRAM, yaani kumbukumbu ya haraka ndani ya SSD ya kuweka ramani, ni nzuri kuwa nayo, hasa kwa SATA. NVMe zisizo nayo zinaazima kidogo kutoka RAM ya kompyuta na zinafanya vizuri tu.

Habari ya ile feki nilimwambia kila mtu ninayemjua, nawe nakwambia. Ilikuwa SSD ya nje, imeandikwa 2TB, na Windows ikaonyesha 2TB. Nikanakili gigabaiti 300 za mafaili, yakaingia yote bila kosa. Nilipoyafungua, ya mwanzo yakafunguka, mengine ya kijivu. Ndani kulikuwa na kadi ya kumbukumbu ya simu iliyobandikwa kwenye kibao, na uzito umeongezwa kwa kipande cha chuma. Ukipata diski yoyote, ndani ya siku za kuirudisha, ijaze yote kwa programu ya kupima, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, kisha iisome yote. Inachukua saa kadhaa na inastahili kila dakika.

Ikishaingia, kuitunza si kazi kubwa. Acha asilimia 15 hadi 20 wazi, siku zote. Hakikisha TRIM inafanya kazi, maana ndiyo njia ya mfumo kuiambia diski kwamba faili fulani limefutwa na isihangaike kulihamisha. Windows inayo tangu Windows 7: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, na jibu likiwa 0 iko hai. Kwenye Linux ni fstrim, na mifumo mingi huiendesha yenyewe kila wiki. Ujue tu kwamba TRIM ikishapita, faili ulilofuta limeondoka. Zile programu za kurudisha mafaili zitakuletea utupu. Usifanye difragi, ule upangaji upya wa vipande vya mafaili, haina faida hapa. Laptopu usiiweke juu ya godoro, hasa ukiwa na NVMe, kwani ikikaribia nyuzi 70 na zaidi nyingi hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Betri ya laptopu ikichoka badilisha, kwa sababu ndiyo kinga yako umeme ukikatika. Na usizoee kuzima kwa kubana kitufe.

Mara moja kwa mwezi fungua CrystalDiskInfo au smartctl, programu za kusoma afya ya diski. Kwa NVMe soma asilimia iliyotumika, akiba iliyobaki, idadi ya kuzimwa ghafla, na makosa ya data. Hayo makosa yakitoka 0 na kuanza kupanda, nunua nyingine wiki hiyo hiyo. Uniti zilizoandikwa zidishe kwa baiti 512,000. Yangu inasoma uniti milioni 119, ndizo zile terabaiti 61. Ila usitegemee kuonywa. Ile ya 240GB ilisoma afya njema siku mbili kabla.

Ndiyo maana hiyo diski yako ya kuzunguka usiitupe. Inunulie kasha la USB, na ukishahamisha mfumo na kuhakikisha SSD inawaka vizuri kwa wiki mbili, ifanye ya nakala. SSD iliyochoka ukiiacha kabatini bila umeme, chaji ya seli huvuja polepole. Kipimo cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida ni kushika data mwaka mmoja kwenye nyuzi 30 baada ya kumaliza uandishi wake wote, na joto likizidi muda unapungua. Diski ya kuzunguka haina tabia hiyo. Yangu naichomeka kila Jumapili usiku, inanakili kazi za wiki, naichomoa.

Fungua mfuniko, piga picha ya tundu na lebo ya mashine, iweke hapa. Nitakwambia inchi 2.5 au M.2, na kama ni M.2, lugha gani.